Kicheko Kisichochujuka

Katika vyuo vyetu vya ualimu mwanafunzi akikabidhiwa riwaya hufundishwa kuiuliza maswali yale yale: dhamira yake ni ipi, ujumbe wake ni upi, mwandishi ana msimamo gani, na sisi katika jamii yetu twajifunza nini. Ni maswali mazuri, nami nimeyaandika ubaoni kwa miaka isiyopungua 30. Hata hivyo, ndugu msomaji, iko aina moja ya riwaya ambayo ukiiuliza maswali hayo hukutazama tu, kama mbuzi aliyeulizwa njia ya kwenda stesheni. Nayo ni riwaya ya kuchekesha ya Waingereza, ile ya zamani, niliyoanza kuisoma nikiwa kijana wa sekondari, na ambayo mpaka leo, nimekwisha kustaafu na macho yanadai miwani minene zaidi kila baada ya miaka miwili, sijaacha kuirudia.

Nasema kuirudia, maana hapo ndipo penye fumbo. Riwaya ya upelelezi ukishamjua mwuaji imekwisha. Mzaha nao kwa kawaida husikiwa mara moja. Ukirudiwa hunuka kama samaki wa juzi. Mbona basi ziko kurasa nilizozisoma mara kumi au zaidi, ninalijua kila jambo litakaloanguka na pahali litakapoangukia, na bado mke wangu huuliza kutoka jikoni kuna nini? Hilo ni swali la kwanza. La pili ni gumu zaidi, nalo nilitupiwa na mwenzangu mmoja wa kazi katika chumba cha walimu, akiwa ameinua kikombe cha chai. Nitalifikia.

Tuanze na Jerome K. Jerome, mtu aliyewahi kuwa karani wa reli, mwigizaji na mwalimu kabla ya kuandika kitabu chake *Three Men in a Boat* kilichotoka mwaka 1889. Vijana watatu wa London, pamoja na mbwa aitwaye Montmorency, wanapanda mto Thames kwa mashua kutoka Kingston hadi Oxford. Hakuna lolote kubwa linalotokea. Mvua inanyesha, hema linagoma kusimama, mmoja anapotea katika bustani ya njia za kuzunguka huku akiwaongoza wengine kwa uhakika kabisa. Wahakiki wengi wa wakati ule walikidharau kwa kuwa kiliandikwa kwa lugha ya makarani. Watu wakakinunua hata hivyo, na hawajaacha kukinunua.

Chukua lile tukio la kopo la nanasi. Wamekula nyama baridi isiyo na ladha, wamenuna, ghafla mmoja anagundua chini ya kapu la chakula kopo la nanasi. Nyuso zinang'aa. Kisha inagundulikana kwamba hawakuchukua chombo cha kufungulia. Wanajaribu kisu kidogo, mmoja anajikata. Wanajaribu mkasi, unaruka na kunusurika kumtoa jicho aliyeushika. Wanajaribu ncha ya upondo, msimuliaji anatumbukia kwenye tope. Wanalipeleka kopo ufukoni, wanalipiga kwa jiwe na mlingoti, likapondeka likawa na kila umbo lililopo duniani, lakini tundu halitoki. Mwisho wanaona kama kopo lenyewe linawacheka, wanalitupa katikati ya mto, wanalilaani na kuondoka kwa kasi.

Sasa, nini kinachekesha hapa? Kopo halina ubaya wowote. Limekaa tu. Wanaume watatu wenye elimu, raia wa dola iliyokuwa ikitawala sehemu kubwa ya dunia wakati huo, wameshindwa na bati. Lakini hilo peke yake lingechekesha mara moja. Kinachodumu ni mwendo wa sentensi: Jerome husimulia balaa hilo kwa sauti ile ile ya upole ambayo mtu angetumia kuandika ripoti ya ukaguzi wa shule, pasipo kuinua sauti, pasipo kukonyeza jicho. Msomaji anayelirudia hangoji tukio. Angojea sentensi. Tuseme ni kama msikilizaji wa taarabu angojeaye ubeti aujuao; kama ungekuwa mpya asingeungojea hivyo, na ukifika ndipo ainukapo na kwenda kutunza.

Mfano mwingine ni ule wa mwanzo kabisa, msimuliaji anapoingia maktaba kusoma kuhusu ugonjwa mmoja mdogo na kutoka akiwa na hakika kwamba anayo magonjwa yote yaliyomo kitabuni isipokuwa moja, uvimbe wa goti wawapatao watumishi wa ndani. Tena anaona uchungu kunyimwa hilo. Leo vijana wangu hufanya vivyo hivyo kwa simu zao, na nusu saa baadaye wananipigia kuniaga.

Si kila ukurasa wa Jerome umestahimili. Ziko sehemu anaposimama kusifu machweo na wafalme wa kale, nazo zimepauka kama kanga iliyosahauliwa kambani. Mimi huziruka. Bali kuna mahali pamoja, karibu na Goring, ambapo mashua yao inakutana na maiti ya mwanamke aliyejiua mtoni kwa sababu ya umaskini na aibu. Hapo kicheko kinakatika, kurasa mbili hivi, kisha safari inaendelea. Wengine huona ni kasoro. Mimi naona Jerome, ambaye aliujua ufukara wa London tangu utotoni, alikataa kujifanya kwamba mto ule ulibeba vijana wa likizo peke yao.

Kitabu nikipendacho kuliko vyote, hata hivyo, ni kidogo na hakina sifa kubwa hapa kwetu: *The Diary of a Nobody*, cha ndugu wawili, George na Weedon Grossmith. Kilianza kuchapishwa vipande vipande katika jarida la *Punch* mwaka 1888, kikawa kitabu mwaka 1892. Ni shajara ya karani mmoja wa London aitwaye Charles Pooter. Ana mke mwema, ana nyumba ya kupanga karibu na reli, ana mwajiri anayemheshimu kama sultani, na ana mtoto wa kiume asiyeheshimu chochote. Bwana Pooter haombi makuu. Anataka fundi amsikilize, wauza duka wamwamkie, na mzaha wake mdogo auchekeshe ukumbi. Wala hapati. Chuma cha kukwangulia viatu mlangoni kinawakwaza wageni. Anaalikwa kwenye dhifa kubwa ya Meya wa London, anadhani amefika, na mtu wa kwanza kumchangamkia kwa sauti ni yule fundi wa vyuma aliyekuja nyumbani kwake kukarabati.

Siku moja ananunua rangi nyekundu ya mafuta. Anaipenda mno, anapaka vyungu vya maua, anapaka kabati, anapaka hata migongo ya vitabu vya Shakespeare, na mwisho anapaka beseni la kuogea. Siku nyingine amelala ndani ya maji ya moto, anainua mkono, anauona mwekundu. Anaamini kwamba mshipa umepasuka na kwamba anakufa.

Nimekutana na watu wengi waliomcheka Pooter kwa kumwona mjinga. Nadhani hawakusoma vizuri. Ujinga wa Pooter ni heshima. Neno letu hilo latosha kabisa, wala sijui kama Waingereza wanalo moja linalolingana nalo. Heshima ni kitu anachokuwa nacho mtu lakini kimewekwa mikononi mwa wengine. Wewe unavaa koti, wao ndio wanaoamua kama ni koti au ni gunia. Kila mwalimu aliyewahi kuingia darasani chaki ikiwa imemganda makalioni anajua ninachosema. Pooter anaandika shajara yake kila usiku ili aonekane na mtu mmoja angalau, hata kama mtu huyo ni yeye mwenyewe. Waandishi wanamcheka kwa kurasa zote, kisha karibu na mwisho yule mwajiri, Bwana Perkupp, anamnunulia nyumba ile aliyokuwa akipanga na kumpa iwe yake. Mara ya kwanza nilishangaa kwamba nilikuwa na machozi kwa ajili ya karani asiyekuwepo.

Nawapita wengine upesi, si kwa kuwadharau. Dickens katika *The Pickwick Papers*, aliyoianza mwaka 1836 akiwa na umri wa miaka 24, ana utajiri wa kutosha kulisha kijiji, lakini huyo ana vitabu vizima vya watu waliomsifu. Kingsley Amis katika *Lucky Jim* ya mwaka 1954 ana mhadhara wa mlevi ambao kila mkufunzi wa chuo anapaswa kuusoma kabla ya kusimama jukwaani. Sehemu za mapenzi zimezeeka.

P. G. Wodehouse ni habari nyingine. Alizaliwa mwaka 1881, akafa mwaka 1975, na katika umri huo mrefu aliandika vitabu zaidi ya 90. Vinavyojulikana zaidi vinamhusu kijana tajiri Bertie Wooster, asiye na kazi wala akili nyingi, na mtumishi wake Jeeves aliye na akili za wote wawili. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Abunuwasi papo hapo, maana kote kuwili mdogo anamshinda mkubwa kwa werevu. Lakini kuna tofauti, nayo ni ya maana. Abunuwasi akishinda, mji wote hujua, na Sultani hubaki na aibu. Jeeves akishinda, hurudi kupiga pasi. Thawabu yake ni kwamba bwana anakubali kutupa soksi za rangi kali asizozipenda mtumishi. Waingereza hawakuweza kumwacha mtumishi apindue nyumba. Wakamwachia kabati la nguo.

Na lugha je? Bertie amesoma shule ghali na amebakiwa na vipande vya misahafu na ushairi, kama kijana wa mjini aanzaye methali mbele ya wazee na kukwama katikati. Jeeves huimalizia kwa adabu. Aliyekaa barazani na wazee wetu hahitaji kuelezwa utamu huo.

Kilele chake ni sherehe ya kugawa zawadi shuleni katika *Right Ho, Jeeves* ya mwaka 1934. Mgeni rasmi ni Gussie Fink-Nottle, kijana mwoga anayefuga mijusi ya majini na hanywi ila maji ya machungwa. Rafiki yake, kwa nia njema, anamtilia kileo katika maji yale ili apate ujasiri. Jeeves naye, kwa nia njema vilevile, amekwisha kumtilia. Na Gussie mwenyewe alikuwa amekwisha kunywa pembeni. Kwa hiyo sisi tunajua na ukumbi haujui. Mgeni rasmi anapanda jukwaani akiwa na furaha isiyo na mpaka, anamsahihisha mwalimu mkuu mbele ya wazazi, na anamtuhumu mtoto aliyeshinda zawadi ya maarifa ya Biblia kwamba aliiba mtihani.

Mimi nimekaa kwenye kiti cha yule mwalimu mkuu. Nimekaa hapo mahafali baada ya mahafali, nikimtazama mgeni rasmi akiinuka na karatasi zake, nikimwomba Mungu azisome kama zilivyoandikwa. Si kwamba walikuwa walevi. Lakini kila mgeni rasmi anapoiweka hotuba kando na kusema sasa nataka kuzungumza kutoka moyoni, mkuu wa chuo hupungua umri wa kuishi. Wodehouse alilijua hilo, ndiyo maana hakuharakisha: sura nyingi zinatangulia kujenga hatari, kila msumari mahali pake, hata Gussie afunguapo kinywa nyumba nzima iko tayari kuanguka. Ustadi wake ni wa seremala. Wanaoona vitabu vyake ni upepo tu wajaribu kuandika kimoja.

Upepo huo ulimponza, hata hivyo. Mwaka 1940 Wajerumani walimkamata Ufaransa alikokuwa akiishi, wakamweka kizuizini. Mwaka 1941, akiwa Berlin, alirekodi mazungumzo ya redio ya kuwachekesha wasomaji wake wa Marekani. Uingereza ilikuwa vitani, mabomu yalikuwa yameangukia London, na mtu wao anatania kupitia redio ya adui. Waliita uhaini. George Orwell alimtetea mwaka 1945 kwamba alikuwa mpumbavu wa siasa na si msaliti, nami nakubaliana naye. Lakini kinachonishangaza ni kwamba mtu huyo huyo mwaka 1938, katika *The Code of the Woosters*, alikuwa amemchora Roderick Spode, kiongozi wa genge la kifashisti ambalo sare yake ni kaptura nyeusi kwa sababu mashati yalikuwa yamekwisha, na akamvua nguo kwa kicheko kuliko magazeti mengi. Kalamu iliona. Mwenye kalamu hakuona.

Sasa lile swali la chumba cha walimu. Mwenzangu alikikuta mezani kwangu kitabu cha Evelyn Waugh, akakigeuza, akasema, "Mzee, wewe unacheka pamoja na watu waliokuwa wanakucheka wewe." Kisha akanywa chai yake.

Hakukosea. Waugh alifika Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1930, baada ya kuhudhuria kutawazwa kwa Haile Selassie kule Addis Ababa. Alipita Unguja na Kenya, na kutoka katika safari hiyo aliandika *Black Mischief*, iliyotoka mwaka 1932. Ndani yake kuna kisiwa cha kubuni, Azania, kando ya pwani yetu, na mfalme kijana Seth, aliyesoma Oxford, anayetaka kuleta maendeleo yote kwa wiki moja. Askari wake wanagawiwa viatu. Wanavipika na kuvila.

Hapa ndipo ninapofikiria utani. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi aweza kuja msibani na kusema maneno ambayo mwingine angepigwa kwayo. Aweza kulala kaburini na kudai alipwe ndipo atoke. Wafiwa wanacheka huku wanalia. Lakini utani una sharti: kesho kwako. Anayetania leo atataniwa msiba ukiwa wake. Pasipo sharti hilo hakuna utani, kuna matusi tu. Jerome anajitania mwenyewe. Ndugu Grossmith wanamtania jirani yao. Waugh naye, katika *Decline and Fall* ya mwaka 1928, anawatania watu wake bila huruma: kuna siku ya michezo katika shule mbovu ya Wales, alikowahi kufundisha mwenyewe, ambapo mwalimu mlevi mwenye bastola ya kuanzishia mbio anampiga mtoto wa lodi mguuni. Hatuelezwi zaidi. Baada ya kurasa kadhaa mtu anataja kwa kupita kwamba mguu umevimba; baadaye kwamba umekatwa; baadaye kwamba mtoto amekufa. Mtoto anauawa kwenye mabano ya mazungumzo ya watu wazima. Ni kicheko cha baridi kabisa, na kimewalenga wakubwa wa kwao.

Viatu vya Azania havina sharti hilo. Ni kicheko cha mgeni aliyepita kwa meli na hana msiba wa kualikwa. Nikisoma ukurasa ule mdomo haufunguki, na hauchekeshi hata kwa ustadi, maana ni uvivu. Mwandishi amechukua mzaha uliokuwa umelala tayari katika kila klabu ya wazungu.

Lakini kitabu kile kile kina bango la uzazi wa mpango. Serikali ya Seth inabandika picha mbili: upande mmoja familia ya watoto wengi, maskini, upande wa pili mtoto mmoja na starehe tele. Wananchi wanakusanyika, wanajadiliana, na wanaisoma picha kinyume kabisa: huyu wa watoto kumi na mmoja ndiye aliyebarikiwa, na yule wa mtoto mmoja ana mkosi. Mimi nimefundisha matumizi ya zana za kufundishia, nami nasema hakuna somo la zana lililoandikwa vizuri kuliko hilo. Wananchi wale si wajinga. Wana akili zao, na wamelisoma bango kwa akili hizo. Mjinga ni aliyelichora pasipo kuwauliza. Waugh huenda hakukusudia hivyo. Kicheko chema wakati mwingine humponyoka mwenyewe.

Na sharti la utani lilitimizwa, ingawa si na Waugh. Mwaka 1956 Ferdinand Oyono wa Kameruni alichapisha kwa Kifaransa riwaya tuliyoijua kwa Kiingereza kama *The Old Man and the Medal*. Mzee Meka, aliyetoa ardhi yake kwa misheni na wanawe wawili kwa vita vya Wafaransa, anaitwa kuvishwa nishani. Anasimamishwa juani ndani ya duara la chokaa, amevaa viatu vinavyombana mno, haja ndogo inamshika, na wakubwa hawafiki. Kila nikifika hapo namwona Pooter amesimama pembeni yake. Ni heshima ile ile iliyowekwa mikononi mwa wasiojali. Viatu ni vile vile pia, ila safari hii tumo ndani ya viatu, tunasikia vidole vinavyoungua.

Nilimwazima mwenzangu Oyono na Waugh pamoja. Oyono alimrudisha baada ya wiki moja. Waugh amekaa naye mpaka leo, nami sijamdai.

Mwenye kutaka kuanza asianze na Waugh. Achukue Jerome, ambacho hakina tena hakimiliki na hupatikana bure kwenye intaneti, aruke machweo. Pooter asomwe polepole, kurasa chache kila jioni, kama shajara isomwavyo. Kwa Wodehouse asikimbilie sherehe ya zawadi. Asipotembea sura zote zilizotangulia ataona tu mlevi jukwaani. Na hiki cha mwisho asikisome ndani ya basi la mikoani. Mimi nilikisoma, na kabla hatujafika Morogoro abiria wa kiti cha jirani alikuwa amemwomba kondakta amtafutie mahali pengine.